Safari ya Kanada Iliyofika Kwenye Mizani

Nilimwambia bibi yangu kwamba lori likishindwa kupanda mlima, kwanza hushushwa magunia, halafu mbuzi, halafu wazee. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza, nauweka hapa mlangoni kabisa ili mtu asije akajikwaa nao mbele. Nilitaka kumchekesha. Na alicheka, tena kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa pindo la kaniki. Kumbe alikuwa anacheka huku moyoni anafungua mzigo alioufunga.

Lakini wa kulaumiwa kidogo ni mwalimu wetu wa jiografia. Siku chache kabla ya kufunga shule alitundika ramani ya nchi za Mfalme, zote zimepakwa rangi moja, sisi na wao, kama watoto wa nyumba moja walioshonewa kitambaa kimoja. Akaweka fimbo juu ya Kanada, upande wa magharibi, akasema huko kuna milima ambayo vichwa vyake vina barafu hata wakati wa kiangazi, na katikati yake watu wenye motokaa hupita kwa kujifurahisha tu. Hawaendi msibani, hawaendi mnadani. Wanapita.

Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, kama Mfalme wetu ni mmoja, mbona barafu hakutugawia?”

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mimi nikapewa ndoo, nimwagilie bustani ya mwalimu mpaka siku ya kufunga, na bustani ya mwalimu haijawahi kushiba. Juu ya hilo, wote tukapewa kazi ya likizo: kila mmoja apange safari ya motokaa kupitia milima ya Kanada, aandike atachukua nini, atalala wapi na ataona nini.

Basi nikaipeleka Kanada nyumbani Kinyangiri.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, anarudi mkataba ukiisha au hamu ikimzidi. Kulikuwa na mama, na bibi mzaa mama, ambaye alikataa kukaa Utemini, mjini Singida, kwa mjomba kwa sababu, alisema, kule hata maziwa yananuka petroli. Na mimi. Jioni, tukingoja mboga iive, nilichukua majivu nikachora barabara chini, nikapanga mawe kuwa milima, nikaweka karanga moja kuwa lori.

“Barafu ndiyo nini?” bibi akauliza.

“Ni mvua ya mawe, mke wangu, lakini imesagwa ikawa unga.”

“Nani ameisaga?”

“Mungu.”

“Na unga wote huo hawasongi?” Akatikisa kichwa kuwahurumia Wakanada. “Haya. Na mkifika jioni mnapiga hodi kwa nani?”

Hilo mwalimu hakulifundisha. Nilisema tutalala kwenye hema. Bibi akasema mtu mwenye akili halali kwenye hema penye watu wenye nyumba, kwa hiyo safari yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kisha akainama, akaliokota lori, akalitafuna.

Tukacheka hivyo jioni kadhaa. Ndipo ikaja habari kutoka kwa mjomba. Mjomba ni dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini Singida. Alituma neno kwamba atakuja Kinyangiri kupakia karanga, na kwa kuwa barabara za mbuga zimekauka, safari hii atapita chini ya Hanang mpaka Babati, kisha apande milima ya Mbulu. Nafasi zipo. Mbele watakaa wawili, na mwingine atapanda juu ya magunia.

Mama aliposikia neno Mbulu alikaa chini na kinu chake. Huko ndiko aliko mama mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi. Aliolewa na fundi wa barabara, akaenda naye mlimani, na tangu siku hiyo tulikuwa tunamwona kwa habari tu. Habari ya mwisho ilikuwa kwamba amejifungua mtoto wa kwanza, wa kike.

Bibi aliinuka. Akaenda kushusha darini kifurushi cha mlenda aliokuwa ameukausha wakati wa masika, akaanza kuupepeta upya. Macho yake yana ukungu, na kila kiangazi ukungu unasogea. Sasa ananitambua kwa sauti na kwa mwendo. Uso anauona akiusogeza karibu na jua. Alipokuwa anapepeta alisema, kama anauambia ungo, “Huyo mtoto nitamwona. Yeye nitamwona.”

Kwa hiyo Kanada ikafutwa, mawe yakapewa majina mapya. Hili Hanang, lile Mbulu. Tukapanga. Mama alitaka kuku wawili wa njiani, bibi akasema wanne, maana mtu hafiki kwa mkwe na mkono mtupu. Unga wa uwele, kwa sababu watu wa mlimani wanakula mahindi na mama mdogo lazima ameyachoka. Asali kibuyu kimoja. Mimi nilitaka koti la baba la jeshi, maana nilikuwa nimeamua kwamba Mbulu ni ndugu wa Kanada, na nikiwa juu ya magunia nitapigwa na barafu. Mtoto wa baba mdogo angekuja kulala kwetu kulinda mbuzi. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipofungua mdomo.

Tulikuwa tumelisukuma lori letu la karanga mpaka kwenye jiwe la Mbulu. Bibi akauliza, “Na likishindwa hapo?” Nami nikamjibu ule mpangilio wa magunia, mbuzi na wazee. Mama akanirushia kijiti. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi alisema hatakwenda.

“Nendeni nyinyi. Mimi nitalinda mbuzi. Kule mlimani nitawachelewesha.”

Mama alimbembeleza akiwa amepiga magoti. Bibi akawa anatikisa kichwa polepole, bila hasira. Hakuwa anaogopa mlima. Aliogopa kuwa mzigo wa kushushwa, na mtu wa kumwonyesha kwamba ni mzigo alikuwa mimi, mumewe.

Sasa nisikilizeni, maana ujinga wangu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na niliufanya nikiwa na adabu zangu zote.

Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Shikamoo huja kwanza, hiyo haina mchezo, lakini ikishaitikiwa milango iko wazi. Ananiita mume asiyejua kulima, namwita mke niliyeokota jalalani. Tusi la namna hiyo halina jeraha. Ila lina sharti moja: haliombewi radhi. Ukiliombea radhi umelitoa kwenye utani ukaliweka kwenye kweli. Nilijua hivyo tangu sijaota meno, lakini shuleni tumefundishwa kwamba mtu aliyekosa hutubu. Basi nilikwenda, nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa sauti ya kanisani, “Bibi, naomba unisamehe kwa yale maneno.”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

“Bibi?” akasema. Sikuwa nimemwita mke wangu. “Kumbe ulikuwa unasema kweli.”

“Hapana! Lori halimshushi mtu. Nilikuwa natania.”

“Najua, mjukuu wangu. Unanifariji. Mungu akubariki.”

Mungu akubariki! Heri angenipiga na ungo.

Mama alisikia. Alinivuta nyuma ya ghala, akaninong’oneza kwa Kinyiramba, na mama akitumia Kinyiramba kwa kunong’ona ujue mambo yameharibika. “Radhi! Kwa bibi yako! Nani amekutuma? Ungemtukana zaidi kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunafunga mizigo.”

Nikajaribu kutukana. Siku zilizofuata nilimwita kila jina nililolijua, lakini utani ulikuwa umepoa kama uji wa jana. Nilimwambia nimeona mchumba mwingine, ana meno yote. Akajibu, “Haya.” Nilimwambia mlenda wake una mchanga kuliko mto. “Haya.” Bibi yangu ambaye akipewa neno moja hurudisha kikapu! Yule mtoto wa baba mdogo, alipoona nyumba ina mlinzi, akafuata ng’ombe wao mbugani. Koti la baba nililitundika ukutani nikawa naliangalia tu.

Lori likaja. Kelele zake zilitangulia, vumbi likafuata, na watoto wote wa Kinyangiri wakafuata vumbi. Mjomba alisimama mbele ya duka la Mhindi, wapakiaji wakaanza kupima magunia ya karanga kwenye ile mizani ya jukwaa, yenye ubao chini na chuma cha kusukuma juu. Tulikuwa tumefika na mizigo yetu. Bibi alikuja kutuaga tu, amebeba kifurushi cha mlenda mwenyewe, hakutaka mtu mwingine akiguse.

Akamkabidhi mama. “Mwambie asitie magadi mengi. Na mtoto umtazame vizuri, uso wote. Paji, pua, masikio pia, ni ya nani. Halafu ukirudi uje unieleze.”

Mama akageuka upande wa duka, akawa anasoma bei ya chumvi, naye hajui kusoma.

Nami hapo kitu kikanipanda, sijui ni uchungu au ni ule wazimu wangu wa kila siku. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, “Mke wangu, kabla hujarudi nyumbani, panda kwenye mizani!”

Mama akageuka. “We mtoto!”

“Ninataka kumrudisha kwao. Nimechoka naye. Lakini baba yake ni mjanja, asije akasema nimempunguza. Apimwe, nijue ninarudisha ratili ngapi.”

Wanawake waliokuwa kivulini wakaguna. Mtu hapimwi kama karanga, hata mtoto mdogo anajua hivyo. Mjomba alikunja uso, maana yeye ni mwanawe na mwana hana utani na mama yake. Hata Mhindi aliacha kuandika. Mimi nikamtazama bibi, miguu ikaanza kuniambia nikimbie.

Kisha nikaona mdomo wake unachezacheza upande mmoja.

“Unirudishe?” akasema. “Ng’ombe wa mahari ulitoa wewe? Ulitoa kuku mmoja tena kilema! Nishike mkono, mume mjinga, nipande. Na nikishuka upande wewe, tuone kama hizo akili zako zitasogeza hicho chuma.”

Akapanda. Alisimama katikati ya ubao, amejivuta kama askari mbele ya Bwana Shauri wa wilaya. Mhindi akasukuma chuma, akakirudisha, akakirudisha tena. Wapakiaji wakainama kutazama.

“Mama,” Mhindi akasema kwa heshima kabisa, “wewe hufiki nusu gunia.”

“Nusu gunia? Na uji niliokunywa umeuhesabu?”

“Pamoja na uji.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi naye alicheka, na safari hii nilimtazama sawasawa: hakukuwa na mzigo uliofunguliwa nyuma ya kicheko. Aligeuza uso upande ilikotoka harufu ya lori, akauliza, si mimi, wala mjomba, sijui alimwuliza nani, “Kwa hiyo mimi ni mwepesi?”

Mjomba aligeukia lori. Alimwambia mpakiaji aliyekuwa juu, “Shusha gunia moja.”

“Gunia langu?” Mhindi akaruka.

“Litapanda safari ijayo, bwana. Karanga hazina binti mlimani.”

Gunia likashushwa, puu, mbele ya miguu ya bibi. Alilipapasa kwa mkono, masikio yake mawili ya gunia, mshono wake, akaridhika kwamba ni gunia kweli na kwamba limetangulia kushuka kabla ya mzee yeyote. Akajifunga kaniki vizuri. “Basi twendeni. Mnangoja nini?”

Wakati mjomba anampandisha mbele, akasimama mguu mmoja hewani. “Na mbuzi? Nani analinda mbuzi?”

Mtoto wa baba mdogo alikuwa mbugani, mwendo wa kutwa. Mama alinitazama. Mjomba alinitazama. Nadhani hata Mhindi alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti la baba, vifungo vyote, katika jua lile.

Nilivua koti nikalitupa kwenye mapaja ya bibi. “Mjifunike huko. Mimi barafu ya Mbulu sina haja nayo, nangoja ya Kanada.”

“Mume wangu,” bibi akasema, analikunja, “nikipata mwingine huko juu mwenye ng’ombe, usinililie.”

Injini ikaguruma. Watoto wakaanza kukimbia pembeni kabla hata lori halijaondoka. Nilikuwa natazama chini, naichora ardhi kwa kidole cha mguu, ndipo mama akatoa kichwa dirishani na kunishika sikio, lakini hakulivuta, alilishika tu.

“Ulimi huo nimeuzaa mwenyewe,” akasema, “sina pa kwenda kuushtaki. Kunde ziko chunguni. Zipashe kwanza, usizile baridi.”