Watu Wasio na Sura Ukutani

Jirani yangu aliniuliza siku moja, ndoo ya maji bado iko kichwani: "Dada, mdogo wako wakili kapatwa na nini? Kaacha joho, anapaka rangi ukuta wa mshonaji."

Nikamjibu hajapatwa na kitu, Mungu kamfungulia mlango mwingine tu. Miaka kumi na miwili huyu kitinda mimba wetu alisimama mahakamani, na mara nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa wajane walimfikia vyombo vyao vikiwa vimeshatolewa nje. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaona afadhali awawahi, awaoneshe haki zao kwa picha za ukutani.

Mshonaji wa mtaa wetu alikuwa mjane wa miezi mitatu, na shemeji yake alishamwambia ahame, yeye na cherehani yake. Mdogo wangu akaomba ukuta wake wa mbele. Mara ya kwanza alichora kidogo akaandika sana, na kila mstari akautia namba. Mshonaji akasoma mpaka akachoka.

"Mwanangu," akauliza, "hii ni picha au samansi?"

Tulicheka hadi wakili mwenyewe akaketi chini. Akafuta yote, akaanza upya: mwanamke mlangoni na cherehani yake, mwanamume ameshika karatasi, na juu yao muhuri wa mahakama, mwekundu, mkubwa kama sinia. Chini yake maneno machache: Bila muhuri huu, hahami mtu.

Ila sura hakuzichora. Nilipomuuliza, alisema yule shemeji hajasikilizwa bado, hawezi kumhukumu kwa brashi. Wakili ni wakili.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja na mkokoteni, na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Fundi viatu wa jirani akaipokea, akaitazama, akautazama ukuta, akamuuliza kwa upole muhuri uko wapi. Watu wakasogea, nami nikaacha kufua. Shemeji akaiona picha, akahamaki.

"Mbona mmenichora mimi?"

"Bwana shemeji," fundi akasema, "huyo hana hata pua. Umejijuaje?"

Hata msukuma mkokoteni alicheka, akaugeuza mtupu vilevile. Shemeji akamfuata, akisema ataenda mahakamani. Mdogo wangu akamwambia ni vema, huko atasikilizwa, na joho lake bado analo.

Nikamshukuru Mungu palepale, mikono imejaa sabuni. Mshonaji, machozi na kicheko pamoja, akamuuliza wakili ampe nini.

"Ukuta wa nyuma, mama," alisema. "Naomba na huo."