Besi Iliyopimwa Ghalani

Kwenye harusi ya kule Mtawanya nilipiga besi kwa saa mbili, na aliyenisikia alikuwa mtu mmoja tu: shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa ameikalia amplifaya yangu akidhani ni kigoda.

Bendi yetu ya watu watano hupiga harusi za mchana, na kila mtu huja na chombo chake. Kwa miezi kadhaa gitaa langu la besi lilikuwa likichomekwa kwenye spika ile ile ya maikrofoni, waimbaji wakinung'unika. Kiongozi wetu, mwalimu wa sekondari asiyependa maneno mengi, akaniambia nitafute amplifaya yangu. Nisiposikika, mpiga kinanda angeipiga besi kwa mkono wake wa kushoto, nami ningebaki kubeba nyaya.

Nikaandika mahitaji yangu kwenye daftari. Ifae mazoezi chumbani bila mama mwenye nyumba kugonga ukuta. Itoshe harusi ndogo. Ipakike kwenye bodaboda.

Muuzaji mmoja karibu na bandari alikuwa na mbili zilizotumika, kila moja na spika yake ndani. Ya kwanza ilikuwa ya wati mia moja na hamsini, nzito kama mfuko wa saruji. Ya pili ilikuwa ya wati thelathini, unaibeba kwa mkono mmoja. Alizihifadhi kwenye kona ya ghala la korosho, kwa kuwa msimu ulikuwa haujaanza na ghala lilikuwa tupu. Tukazipimia humo humo.

Nikaanza na ile ndogo. Nilipogusa uzi mnene kuliko wote, ghala zima liliitika. Mabati yakatetemeka, popo wakahama, mlinzi akaja mbio kuuliza ni lori gani linagonga ukuta. Ile kubwa nayo ilivuma mpaka sauti zote zikawa uji. Nikaandika: ndogo ina nguvu, tena inasikika safi.

Muuzaji alinitazama nikiandika. "Kaka, umechagua mwenyewe," akasema. "Mimi sijatia neno."

Harusi ya Mtawanya ilikuwa uwanjani, chini ya turubai lisilo na kuta. Nilipogusa uzi wa kwanza nilidhani waya umechomoka. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Dramu zikanimeza, upepo ukachukua kilichobaki. Ndipo shangazi, aliyekuwa akizunguka akitafuta pa kukaa, akapaona. Sikuthubutu kumwinua mbele ya wakwe zake. Akakaa hapo hadi mwisho, akitikisa kichwa sawasawa na mapigo yangu, maana yalikuwa yakimfikia kwa njia ambayo hayakumfikia mgeni mwingine yeyote.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, kiongozi aliuliza ni nani aliyesikia besi. Wenzangu wakaendelea kukunja nyaya. Shangazi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akainua mkono.

"Mimi nimeisikia, mwanangu. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu juzi, sasa nauona mwepesi."

Mpiga kinanda alicheka mpaka akakaa chini. Kiongozi hakucheka. Alimshukuru mama kwa adabu zote, kisha akanigeukia akasema kwamba bendi haiwezi kumkalisha kila mgeni juu ya amplifaya.

Jumatatu nilibeba ile ndogo kurudi kwa muuzaji, nikitaka tubadilishane. Akasema nimechelewa. Ile kubwa ilikwisha kuchukuliwa Jumapili na mpiga kinanda wetu. Alikataa hata kuijaribu ghalani. Aliomba itolewe nje, akaipimia kando ya barabara malori yakipita.

Nilimfuata mpiga kinanda kumwomba aniazime. Akasema nimpe muda afikirie. Jumamosi hii tunapiga harusi Naliendele. Kiongozi ametuita sote wawili, na hajasema ni nani atakayepiga besi.