Kabla ya Marahaba

Hapa Masumbwe mtu akilala kidogo, akiongea haraka na kupanga makubwa, hawasemi anaumwa. Wanasema ameona dhahabu. Ndiyo maana nilipoanza kuchangamka kupita kiasi hakuna aliyeshtuka. Nilishona nguo za wateja hadi kunapambazuka, nikatangaza kwamba nafungua duka Kahama na jingine Geita. Mume wangu, mchimbaji, alinisifia kwa wenzake. Maskini, alidhani nyota yangu imewaka.

Aliyenuna ni mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka kijijini kwake, karibu na Mwadui. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," na kabla hajafungua mdomo nilishaanza kumweleza habari za maduka. Kwa Wasukuma salamu haikimbizwi. Niliona amekasirika, nami nikakasirika kwamba amekasirika.

Kisha nikazimika. Nilishinda kitandani nimegeukia ukutani, mwanangu mchanga analia pembeni, na kumnyanyua siwezi. Nilijiona sifai kitu. Ndugu wa mume wakakaa kikao sebuleni: mke mvivu huyu, arudishwe kwao, mtoto abaki. Nilisikia kila neno na sikuwa hata na hamu ya kujitetea.

Mama mkwe aliwaacha wamalize.

"Alipokuwa juu mlimpigia makofi," alisema. "Mimi hakunisubiri hata niitikie marahaba. Leo hawezi kuamka. Ni mtu yule yule, na anaumwa. Kesho naenda naye hospitali."

Daktari aliuliza nilivyokuwa nikilala, nikiongea, nikipanga, kisha nilivyoanguka. Alisema ugonjwa wangu unaitwa baipola: unampandisha mtu, halafu unamshusha, na dawa zake zipo. Nameza mpaka leo. Mtoto ninaye, yuko chekechea, na kwa maneno amenirithi mimi. Kila nikimfunga viatu namshukuru bibi yake.

Bibi huyo hupiga simu kila asubuhi.

"Shikamoo mama."

Ananyamaza. Kusudi kabisa! Nasikia kuku wake uani, nasikia mtu akichota maji. Mwanzoni mtihani huu uliniudhi, nilijiona kama mtoto wa shule. Siku hizi naupenda. Nashika simu, sisemi kitu, nasubiri.

"Marahaba, mwanangu," anaitikia hatimaye, na namsikia akishusha pumzi.