Chaki kwenye Behewa la Farasi

Nilikubali kuandika alama ya chaki kwenye behewa lisilokuwa na kasoro yoyote. Nalitanguliza hilo ili msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati. Afisa aliyeniomba hakunitisha wala hakunihonga. Aliniita mzee wangu, ingawa siku hizo sikuwa mzee, akaniagizia chai, akangoja. Ningeweza kusema hapana, nikamaliza chai yangu na kurudi kazini.

Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa katika stesheni ya Mombasa. Kabla treni haijaondoka nilipita ubavuni mwake na nyundo, nikigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Behewa lenye hitilafu nililichora msalaba mkubwa wa chaki, na tangu hapo dereva hakuliondoa, wala gadi, wala mkuu wa stesheni mwenyewe, mpaka mimi niufute msalaba kwa mkono wangu. Tuliliita behewa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza linaumwa nini.

Mwaka ule, kabla Likoni haijawaka moto, tulikuwa na kazi ya raha. Wakubwa walitaka behewa la zamani la farasi litengenezwe, lipelekwe Nairobi watu waje walitazame. Lilikuwa limesimama miaka mingi kwenye reli ya pembeni nyuma ya karakana, limejaa maturubai na makopo ya rangi iliyokauka. Kazi ya mbao alipewa Bakari, seremala wetu, mwenyeji wa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Mimi nikapewa magurudumu na breki.

Sijaona behewa lililofikiriwa vile. Ndani mlikuwa na vizimba vitatu, kuta zake zimewambwa mito ya ngozi ili farasi asiumie treni ikiyumba. Mlango wa ubavuni ulilala chini ukawa njia ya kupandia. Mwisho wa behewa palikuwa na chumba kidogo cha saisi, yaani mtunza farasi, chenye benchi moja na kidirisha cha kusukuma kilichotazamana na vichwa vya wanyama. Bakari alinieleza kazi ya kidirisha kile. Farasi peke yake gizani huingiwa na wazimu, akapiga mateke mpaka akavunjika mguu. Akiona uso anaoujua, hutulia.

Aliyajua hayo kwa baba yake, aliyefanya kazi ya reli kabla yetu na kusimuliwa na waliomtangulia. Tulipokwangua rangi ya kahawia tulikuta ya kijani, na chini ya kijani tukakuta ya kijivu.

"Hii ndiyo rangi ya vita vya Mjerumani," Bakari alisema. "Farasi walishuka melini Kilindini, wanono, wamepigwa brashi wakang'ara. Wakapandishwa humu mpaka Voi, wakaenda kupigana Taveta. Mbung'o wakawamaliza. Baba akisema behewa likirudi tupu, limefagiwa, tayari kuchukua wengine."

Kwenye ubao wa hori, pale farasi walipowekewa chakula, palikuwa na alama za meno. Bakari alizipapasa kwa kidole gumba.

"Njoo uwaone jamaa zako, Mutua. Huyu aliyeng'ata hapa alikuwa Mkamba mtupu."

"Farasi wa Kikamba angekula hori lote," nilimjibu. "Huyo aliyeonja akachoka ni Mdigo."

Alicheka mpaka akaweka randa chini. Tulikula pamoja kila mchana, kwenye benchi la saisi. Dadake, Rehema, aliyeolewa Mji wa Kale, alimpa mahamri na mbaazi, na sehemu yangu ilikuwamo daima. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia ahsante.

Kisha asubuhi moja feri ilileta watu wenye magodoro.

Usiku uliotangulia, watu wenye mapanga na bunduki walikuwa wamevamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua polisi, wakaingia mitaani wakiwatafuta watu wa bara. Watu wa kwetu. Nyumba zilichomwa. Na mke wangu Ndunge alikuwa ng'ambo ile ile, amekwenda kumtazama binamu yake aliyejifungua, watoto wetu kawaacha kwa jirani.

Nilisimama kivukoni kutwa. Kila feri ilipotia nanga nilitazama nyuso. Wanawake walishuka na sufuria, na watoto, na cherehani. Mwanamume mmoja alishuka amebeba mlango.

Siku ya pili, alasiri, mwanamke aliyevaa buibui alinishika mkono. Nilirudi nyuma. Nilimtambua kwa kutazama viatu.

Alikuwa Ndunge.

Nyumbani alikaa kitandani na buibui lake mwilini. Alichosema ni kwamba binamu yake ameuawa, na mtoto. Nilimletea maji, hakunywa. Aliyaweka sakafuni.

"Kwa kina Bakari—"

"Usinitajie jina hilo humu ndani," nilimwambia.

Alinitazama. Kisha akalala, akaugua homa, akanyamaza siku nyingi. Buibui nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na sikuuliza lilikuwa la nani. Nilidhani nafahamu kila nilichohitaji kufahamu: watu wa kule wamewaua watu wa huku, na Bakari ni mtu wa kule.

Kazini kila mtu alikuwa na hesabu kama hiyo. Wa bara walikunywa chai upande wa ghala, wa pwani upande wa bomba la maji. Salamu zilifupishwa. Tuliambiana kwamba fulani alijua mapema, kwamba fulani alihamisha watoto wiki moja kabla. Wao nao walitutazama kwa hofu, kwa sababu askari walikuwa wakiwakamata vijana wa pwani popote, hata msikitini, na kila aliyekamatwa, ndugu zake walijiuliza ni nani aliyemtaja.

Bakari aliendelea na behewa lake. Lakini sasa alifunga chumba cha saisi kwa ufunguo. Alifika na kapu kubwa kuliko la kawaida, akaondoka nalo limelegea. Nilimwona akiingiza ndoo ya maji. Nikamwona akirudisha turubai ambalo mimi na yeye tulilitoa. Chakula hakunikaribisha tena.

Siku moja alinikamata nikimwangalia.

"Mbona wanitizama hivyo, yakhe?"

"Nakutazama vipi?"

"Kama gurudumu."

Alisimama na msasa mkononi, kama anayepima jambo. "Mkeo hajambo?" aliuliza. "Hajakwambia kitu?"

"Mke wangu hana la kusema juu yenu," nilimwambia.

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mbao zake. Nimelirudia swali lake lile mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Siku ile nililisikia kama kitisho. Nilidhani anataka kujua kama Ndunge ameona uso wa mtu.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kanisani kuhusu kapu, ndoo na turubai. Mmoja tu. Siku chache baadaye nikaitwa Mwembe Tayari, kwenye hoteli inayotazamana na mabasi ya bara. Nje watu walikuwa wakipigania viti, wengine wakipandisha watoto kwa madirisha. Afisa wa usalama alikuwa amevaa shati la kitenge, bila sare. Chai ilikuwa nzuri.

"Tunajua lile behewa linaondoka kesho na treni ya mizigo," alisema. "Hatutaki fujo njiani, mzee wangu. Tunataka libaki."

"Mimi si mkuu wa stesheni."

"Mkuu wa stesheni hatakiwi kujua. Wewe una chaki."

"Mna hakika ndani mna kitu?"

"Wewe huna?"

Nilifikiri bunduki. Nasema kweli, nilifikiri bunduki zilizofungwa kwa turubai, zikipelekwa kuua watu wengine Voi au Mariakani. Lakini nilifikiri na jambo lingine, nalo nalisema: nilitaka mtu mmoja wa Likoni aogope kama nilivyoogopa mimi kivukoni. Yeyote.

Nikasema sawa.

Kesho yake mchana treni iliundwa. Behewa la farasi liliungwa mwisho, linang'aa, rangi ya kahawia mpya. Bakari alikuwa mbele akizungumza na gadi. Nilianza ukaguzi wangu kama kawaida. Niligonga kila gurudumu. Kila gurudumu lililia vizuri.

Nilipofika kwenye chumba cha saisi niligonga la mwisho.

Likalia kama kengele.

Ndani mtu akanong'ona, "Kaka Bakari?"

Ilikuwa sauti ya kijana. Haikuwa sauti ya bunduki.

Sikujibu.

"Kaka, imefika saa ya kuondoka?"

Nikatoa chaki. Nikachora msalaba.

Injini ya yadi ilikuja, ikalitenga behewa, ikalirudisha kwenye reli ya pembeni. Treni ikaondoka bila hilo. Bakari alikuja mbio, kisha akaacha kukimbia, akaja akitembea.

"Lina nini, Mutua?"

"Breki."

Aliinama akatazama breki. Tulizifunga pamoja, yeye akinishikia taa. Alipoinuka hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta nyumba yake imehama.

"Futa," alisema. "Tafadhali, ndugu yangu. Kuna treni nyingine jioni. Futa."

Gari la askari lilikuwa limeshaingia yadini.

Walivunja mlango ambao Bakari alitumia miezi kuutengeneza. Wakamtoa kijana mwembamba aliyevaa kikoi na shati la Bakari. Mikono ilikuwa juu. Ndani walipata turubai, ndoo, na mahamri yaliyofungwa kwa karatasi. Hawakupata bunduki. Walitafuta mpaka ndani ya mito ya ngozi, wakaipasua kwa visu, manyoya ya zamani yakamwagika juu ya reli.

Waliwachukua wote wawili.

Jioni Ndunge aliinuka kitandani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelikunja buibui.

"Homa imeniacha," alisema. "Hata ukikasirika, leo utanisikiliza. Hili ni la Rehema, dadake Bakari. Alilisahau kwa mama yao, nilikojificha. Mdogo wao, Salim, ndiye aliyenivika, akanitoa Likoni mpaka kivukoni. Aliniambia nisitoe sauti, maana wangenijua kwa matamshi. Njiani tulisimamishwa na watu wa mapanga. Akawaambia mimi ni mama yake mkubwa, bubu."

"Wakamwamini?"

"Walimsalimu kwa jina."

Nilikaa chini. Nilimuuliza sura ya huyo Salim ikoje. Aliponieleza, nilijua ndiye kijana wa behewani, nikamwambia nilichofanya. Nilimwambia chote, na chai, na sauti niliyoisikia. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alipoita, kwa nini hukuitika?"

Buibui alilipeleka Mji wa Kale mwenyewe. Sijui walizungumza nini na Rehema.

Bakari aliachiliwa baada ya wiki kadhaa. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Alikuja karakana kuchukua randa yake, akaibeba kwa kushoto, akatusalimu wote kwa pamoja, na mimi nikiwemo ndani ya salamu hiyo kama mtu yeyote. Hakuniuliza kitu. Alifariki miaka michache baadaye. Salim hakuonekana. Ndugu zake walizunguka vituo, magereza na hospitali. Waliambiwa hapa hayupo, ulizeni kule.

Nimejaribu kumpima Salim kwa haki. Wavamizi walimjua kwa jina. Huenda alikuwa mmoja wao siku ya kwanza na akaona yasiyotazamika, akageuka. Huenda walimjua kwa sababu walicheza mpira pamoja. Huenda alishika panga usiku ule na kumwokoa mke wangu siku ya pili. Mtu mmoja anaweza kuyafanya yote mawili. Ningependa kusema najua. Angefikishwa mahakamani, angeulizwa, tungejua. Aliyemnyima kuulizwa ni mimi, niliyemtia mikononi mwa waliompoteza.

Behewa halikwenda Nairobi. Lilibaki pale na msalaba wangu chini ya ukingo wa paa, mvua isipofika. Kila mtu alijua kwamba anayeruhusiwa kuufuta ni mimi. Sikuufuta, kwa sababu sikuweza kulikaribia behewa. Mwishowe lilikatwa vipande kwa gesi, likauzwa vyuma chakavu, na siku hizi abiria wa bara hawashuki tena stesheni ile ya kisiwani.

Naishi chumba kimoja Makadara. Ni mwendo mfupi kwenda Mji wa Kale, nami hupita mtaa wa Rehema nikienda kununua samaki. Yu hai, mzee kama mimi, hukaa barazani mwake asubuhi.

"Sabalkheri, Bi Rehema."

"Sabalkheri, Bwana Mutua. Hujambo?"

"Sijambo. Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Basi. Mtu wa Mombasa humwambia karibu hata anayeuza ndimu mlangoni. Mimi hajaniambia karibu tangu mwaka ule, nami sijamlaumu.

Ndunge alikaa nami mpaka watoto walipofunga shule, akawachukua, akapanda basi Mwembe Tayari kama wale niliowaona siku ya chai. Hakuniacha kwa kelele. Alisema hawezi kulala karibu na mtu anayesikia akiitwa akanyamaza. Aliishi kwao Kangundo mpaka alipokufa. Nilikwenda maziko, nikapewa kiti miongoni mwa wageni.

Salim alipoteza maisha yake, naamini hivyo. Bakari alipoteza mkono uliomlisha. Mimi nilipoteza rafiki pekee niliyekuwa naye katika mji huu, na mke niliyedhani nalipiza kisasi kwa ajili yake, na watoto ambao hunipigia simu sikukuu. Behewa lilikuwa zima.