Nusu Iliyopotea Kwenye Buti za Mzee Ochola

Saa moja na robo asubuhi, Ndindi Mutisya amesimama kwenye lango la kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda, Nairobi. Watu wengine husalimiana wakitazamana usoni. Ndindi anawatazama wenzake miguuni.

"Anayechechemea ni wangu," asema, kwa huzuni ya jemadari anayehesabu majeruhi.

Ndindi, mwenye umri wa miaka 24, huandika programu za kompyuta. Kila siku hutembea kutoka mtaa wa Jericho kuja kuihudumia mashine yenye ukubwa wa kabati na kiburi cha chifu.

Machi mwaka huu, 1983, aliipa kazi nzito: kuagiza buti za wafanyakazi 214. Kila mtu aliandika saizi yake. Buti zikaja. Wafanyakazi 63 wakaanza kutembea kama bata.

Uchunguzi ulifanywa. Ndani ya kompyuta, kila kitu hukaa kwenye chombo cha aina yake: herufi kwao, nambari kamili kwao, zenye desimali kwao. Ndindi alikuwa amezihamisha saizi kutoka chombo cha herufi hadi cha nambari kamili. Mashine ilipokutana na nane na nusu, ilichukua nane, nusu ikaitupa.

"Ukimimina lita moja na nusu kwenye chupa ya lita moja, utaona maji yakimwagika," aeleza. "Kompyuta humwaga kimya kimya."

"Na mimi nikalia kwa sauti," adakia Phares Ochola, mlinzi wa lango. "Hiyo nusu yako, dada, ni kidole changu kizima!"

Meneja alimpa Ndindi nafasi moja tu. Buti za kubadilisha zinaletwa leo. Zikibana tena, kazi itarudi kwa kalamu na karatasi, na Ndindi, ambaye bado ni kibarua, atarudi Jericho.

Safari hii saizi zimewekwa kwenye chombo cha desimali. Hata hivyo, aliwakanyagisha wote 63 juu ya makatoni ya biskuti, akachora nyayo zao kwa penseli, kisha akazilinganisha na orodha ya mashine. Katika zoezi hilo aliona soksi ambazo heshima ya gazeti hili haituruhusu kuzieleza.

Saa nne kasorobo, lori lafika. Ochola anavaa buti zake, anatembea hadi langoni, anarudi. Ndindi anamfuata kwa macho, miguuni.

"Zinabana, mzee?"

"Ngoja nikiulize kidole." Anainama, anasikiliza. "Kinasema asante."

Vigelegele vyapanda hadi kwenye mabati.

Sasa Ndindi amekabidhiwa kazi ya kuagiza overoli za wafanyakazi. Zikiwatosha watu, ameahidiwa barua ya kazi ya kudumu. Tayari ana futi ya fundi cherehani shingoni.

"Kifua, kiuno, mguu," asema. "Kila mtu ana nafasi tatu za kupoteza nusu. Nitaanza na wewe, mzee."

"Anza na meneja," ajibu Ochola. "Akibanwa yeye, utajua mapema."