Kinywaji Kilichoitwa Annexe

Asifiwe Mungu aliyetupa ulimi wa kuonja, wa kusali na wa kunyamaza. Dada yangu alipewa kazi mbili za kwanza, na hata hivyo tunashukuru.

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yangu, nyumbani kwetu Annexe, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nilitegemea mambo ya kawaida: kreti za bia, chupa ya wiski kwa wazee, na samaki wakavu, maana wajomba wa kijana walitoka Pweto, kule ziwani. Samaki walifika. Bia ilifika. Wiski nayo ilifika, lakini kijana hakutaka tuinywe kama Wakristo wa kawaida. Anafanya kazi katika baa ya hoteli moja upande wa Luano, na mtu aliyesomea kuchanganya vinywaji hawezi kuona chupa akaiacha peke yake.

Akapanga vyombo mezani, karibu na sanamu ya Bikira Maria, akaeleza kwa Kifaransa safi kwamba kuna kinywaji maarufu cha Amerika, wiski na mvinyo mtamu, chenye jina la mtaa wa matajiri wa huko. Yeye amepunguza utamu, akatia pombe ya majani machungu kutoka Italia. Akakoroga na barafu taratibu, kama padri mwenye misa moja tu siku hiyo. Sisi tulikuwa na kiu. Tulipata mafundisho.

Kwa desturi ya ukoo wetu, binti huonja kwanza, kisha humpa baba yake gilasi. Baba akinywa, posa imekubaliwa. Akiiweka chini, wageni wanabeba samaki wao na kurudi.

Dada yangu, ambaye hajawahi kungojea zamu, alichovya kidole.

"Hii iko dawa ya minyoo," akasema. "Muko, weye mukwe wetu, siku ya furaha unatuletea uchungu mu nyumba? Na inaitwa namna gani?"

Kijana akajibu kwamba amekipa jina Annexe.

Waamerika wana mtaa wa matajiri. Sisi, wenye mashamba ya mihogo na umeme wa kusikia kwa majirani, tumepewa uchungu. Dada yangu akatangaza kwamba posa isimame mpaka kijana arudi na kinywaji cha watu. Wajomba wakaanza kutazama samaki wao. Binti yangu, aliyezoea kumjibu shangazi yake, siku hiyo alinitazama mimi tu.

Nikamuuliza kijana kwa nini jina hilo.

"Papa, njia ya kwenu iko mubaya," akasema. "Kila mara nakuja, matope inafika ku magoti, nalaani Annexe yote. Nikisha kufika, sipendi tena kurudi."

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, nimesikia vijana wakieleza upendo kwa maneno matamu kuliko hayo. Wengine wao hawajui tena wake zao wanaishi wapi. Nikakumbuka pia kwamba Waisraeli walikula mboga chungu usiku wa kutoka utumwani, na hakuna shangazi aliyewarudisha Misri.

Nikampa binti ishara. Akaonja bila kukunja uso, akalizungusha tunda jekundu lililozama chini kama mtu anayejua lilipo. Nikaelewa kwamba zile sala za jioni za parokia, zilizokuwa zikimchelewesha kurudi, labda zilikuwa na barafu.

Nikapokea gilasi, nikanywa yote. Ilikuwa chungu, Mungu anisamehe, kisha utamu kidogo ukaja nyuma, bila haraka.

Samaki wakabaki. Dada yangu alikunywa gilasi mbili, kwa ajili ya minyoo, alisema.

Siku hizi binti anakaa Luano na mume wake. Jioni ninasali rozari peke yangu, na sehemu ya kuitikia, iliyokuwa yake, ninaisema mwenyewe. Ninamshukuru Mungu kwamba alikwenda na mtu anayempenda. Ninashukuru kila siku, mpaka shukrani hiyo iwe kweli kabisa.

Nawe uliyesoma, Mungu akupe wageni wenye subira na njia isiyowachosha, na unaposali asikukoseshe mtu wa kukuitikia. Amina.