Kitambaa Nilichokifumua

Mume wangu hakuwa amemaliza wiki mbili kaburini wifi yangu alipokuja na wadogo zake kubeba vitu vya nyumba. Viti, sufuria, godoro, vyote niliwaachia. Lakini alipoanza kukunja kitambaa changu cha meza, nilimshika mkono.

"Maman, hii nilishona mwenyewe kabla ya kuolewa."

"Hapa kila kitu iko ya kaka yetu," akasema, akakitia kwenye mfuko.

Kitambaa hicho kilinichukua miezi minane. Katika chumba cha ushonaji cha masista, mtaani Ibanda, sista mmoja Mwitaliano alitufundisha kazi ya kwao Sisilia: unachomoa nyuzi za kitani moja moja mpaka kinabaki kama wavu, kisha unaujaza wavu kwa sindano, majani ya mzabibu na ndege, nyeupe juu ya nyeupe. Ukikosea, unafumua na kuanza upya, hata ukilia.

Miaka mitatu baadaye wifi akaja kwangu akitabasamu, kana kwamba hakuna kilichopita. Binti yake alikuwa anachumbiwa, wageni wangepokelewa nyumbani kwake Muhumba, na kitambaa kilikuwa na doa la divai.

"Ni wewe tu unajua hii kazi," akasema. "Unisaidie, maman. Nataka watu waone."

"Uniachie," nikamjibu. "Wataona."

Doa lilitoka asubuhi moja kwa limau na sabuni. Halafu nikakaa dirishani na mkasi mdogo, na kwa siku nne nikafumua. Kila jani. Kila ndege. Nilidhani mikono itakataa, haikukataa. Nyuzi za kitani zilizochomolewa zamani hazirudi, kwa hiyo palibaki matundu matupu, yamelegea. Nikakitia wanga, nikakipiga pasi, nikakikunja sehemu isiyo na matundu ikiwa juu, nikampelekea.

Alikikunjua mbele ya wakwe. Jirani yake alinisimulia: kilionekana kama kimeliwa na panya, na mama wa kijana akauliza kwa upole kama hakuna kingine.

Wifi alinipigia simu akilia. "Umeniharibia kitambaa!"

"Kitambaa yako iko hapo yote. Nimeondoa kazi yangu tu."

Paroko ameniita mara mbili niombe msamaha. Nilimwambia nitaomba siku nitakapojuta. Yule binti namhurumia, hakunikosea kitu. Mama yake, hapana. Jumapili akiniona kanisani anahama benchi, nami namwangalia mpaka akae.